Taa ya Injini Ikiwaka Voi: Nani Alipie Kubahatisha?

Fundi wa Nairobi akikosea kutaja spea iliyokufa, mwenye gari hukasirika kidogo, hurudi Kirinyaga Road na kuleta nyingine kabla ya jioni. Voi mambo hayaendi hivyo. Mji umekaa kando ya barabara kuu, kilomita 150 na ushei kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi, na maduka yake ya spea huweka vitu vinavyouzika kila wiki: plagi, pedi za breki, vichujio vya oili, mikanda, bushi. Sensa ya gari la juzijuzi huagizwa kwa simu, hulipiwa kwa M-Pesa kabla haijaonekana, kisha hupakiwa kwenye basi. Ikifika na kugundulika kwamba siyo iliyokuwa na shida, maduka mengi yana sheria moja: kifaa cha umeme kikishatoka dukani hakirudi.

Ndiyo maana suala la kujipimia gari nyumbani, hapa Taita Taveta, ni la pesa kabla halijawa la ufundi. Kila kubahatisha kuna anayelipia, na kwa kawaida si yule anayebahatisha. Vifaa vya kusoma kompyuta ya gari, yaani skana, vimeshuka bei hadi shilingi elfu moja au mbili, simu ya kawaida inatosha kuvitumia, na wenye magari kutoka Taveta hadi Maungu wanavyo kwenye dashibodi. Swali linalostahili kupimwa ni hili: vifaa hivyo vinampunguzia mwenye gari gharama ya kubahatisha, au vinamhamishia tu kazi ya kubahatisha mwenyewe?

Tuanze na kifaa chenyewe. Chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva, kuna tundu la plastiki lenye nafasi 16 za pini. Hapo ndipo kompyuta ya injini huongea na mtu wa nje. Chanzo chake ni moshi wa California. Jimbo hilo la Marekani lilianza mwaka 1988 kuyalazimisha magari mapya yajichunguze yenyewe na kuwasha taa pale ambapo mfumo wa kudhibiti moshi umeharibika. Kufikia 1996 magari yote mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na tundu la aina moja na namba za hitilafu za aina moja. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na Japani ikachelewa zaidi.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa dereva wa Kasigau. Taa ya injini iliwekwa kwa ajili ya yule anayevuta hewa nyuma ya gari, kwa hiyo inajali moshi, mafuta na moto wa plagi. Haijali bushi zilizokatika, shoki zilizovuja, beringi inayolia wala pedi ya breki iliyobaki bati. Kompyuta huona tu mahali palipowekwa sensa. Sasa tazama barabara zetu: vumbi na mawe kutoka Maungu kwenda Buguta na Rukanga, makorongo ya Sagalla baada ya mvua, kona za kushuka kutoka Wundanyi ambako breki hupata moto hadi zinanuka. Sehemu kubwa ya uharibifu wa magari ya hapa hutokea chini ya gari, mahali ambapo skana ni kipofu kabisa. Anayedhani kwamba simu isiyoonyesha namba yoyote ni ushahidi wa gari zima anajidanganya, na akishuka kona za Wundanyi na abiria anawahatarisha wenzake pia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawalisemi. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachouzwa kila mahali kimejengwa kwa kuiga chipu iitwayo ELM327, kazi ya kampuni ndogo ya Canada, Elm Electronics. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikuwa na kinga ya kunakiliwa, na viwanda vya China vikalinakili. Kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 2022, lakini nakala zinaendelea kuzaliana. Nyingi zimeandikwa toleo la 1.5, toleo ambalo wenyewe hawakuwahi kulitoa. Nyingine zinasoma magari mapya vizuri na kushindwa na ya zamani, nyingine zinakata mawasiliano katikati. Kwa kusoma namba za hitilafu na joto la injini, nakala nyingi zinatosha. Kwa breki za ABS, mifuko ya hewa au gia, usizitegemee.

Shida ya magari ya zamani si ndogo. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na Japani ilianza kudai mfumo kamili wa aina hii kwa modeli mpya mwaka 2008 tu. Probox au Fielder ya 2004, ambayo bado inabeba watu na mboga kati ya Voi na milimani, inaweza kuwa na tundu la pini 16 na bado isijibu kifaa cha elfu moja, kwa sababu inaongea lugha ya kiwanda cha Toyota. Mtu anahitimisha kwamba kifaa kimekufa, au kompyuta ya gari imekufa. Mafundi wakongwe wanajua njia ya mkato: kuunganisha kwa kipande cha waya pini ya 4 na ya 13, kuwasha swichi bila kuwasha injini, na kuhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Njia hiyo ni ya kweli na haigharimu kitu. Lakini pini ya 16 ina umeme wa betri wakati wote, na waya ukiteleza, fyuzi ikiungua peke yake, shukuru. Kama hujui kuhesabu pini, usijaribu.

Kabla ya hayo yote, kuna kifaa cha bei ya chini zaidi ambacho hakipewi heshima yake: multimita. Ningeulizwa mwenye gari wa Voi anunue nini kwanza, ningemwambia multimita, kisha skana. Joto la nyanda za chini huua betri, na betri dhaifu huifanya kompyuta ya gari kupayuka. Namba tano za hitilafu zisizohusiana hujitokeza asubuhi moja, na kila moja ina spea yake ya kuuzwa. Betri iliyopumzika usiku kucha inatakiwa kuonyesha kama volti 12.6. Ikiwa 12.2, imebaki nusu. Injini ikiwa inanguruma, alternata nzuri huleta kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji, au mkanda unateleza, au waya umeoza. Dakika tatu, na umeshaondoa kundi zima la uwongo.

Sasa skana yenyewe. Chukua Probox ya mwalimu wa Werugha. Gari linatembea vizuri tambarare, lakini likianza kupanda kutoka Mwatate linamisi, linatikisika, na taa ya injini inawaka. Kifaa kinaonyesha P0301. Herufi P ni ya injini na gia, sufuri ya kwanza ina maana kwamba namba hiyo ni ya jumla kwa magari yote, na 301 inasema silinda ya kwanza haichomi mafuta inavyotakiwa. Namba inaishia hapo. Haijataja plagi, haijataja koili, haijataja injekta. Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Ya kwanza ni ile ya "tubadilishe plagi zote nne na koili zote nne, tuoshe injekta, tuone". Wakati mwingine inaponya gari, kwa sababu ukipiga mawe mengi kwenye mwembe, embe moja litadondoka. Ya pili haihitaji kununua chochote.

Injini imezimwa na imepoa. Juu yake kuna koili nne, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Unachomoa soketi ya waya kwa kubana kikufuli chake, bila kuvuta waya wenyewe. Unatoa koili ya silinda ya kwanza, ile iliyo upande wa cheni, unaiweka ya tatu, na ya tatu unaileta ya kwanza. Unapiga picha namba ya hitilafu kwa simu, kisha unaifuta, unapandisha gari mlima uleule uliolisumbua, unasoma tena. Namba ikigeuka kuwa P0303, ugonjwa umehama na koili: nunua koili moja. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Rudia zoezi hilo kwa plagi. Ikigoma bado, sasa ni injekta au mgandamizo wa silinda, na hapo ni zamu ya fundi. Lakini atapokea gari lenye nusu ya maswali yaliyojibiwa. Onyo moja tu: taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tuli, gari linamisi vibaya na mafuta mabichi yanakwenda kuungulia kwenye katalaiza. Usilazimishe kupanda. Egesha.

P0171 inadanganya watu zaidi ya hiyo. Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyotoa habari, na hapo wamemwadhibu mjumbe. Kwa magari ya hapa, angalia kwanza vitu vya bure: bomba la mpira kutoka kwenye kichujio cha hewa, ambalo hupasuka kwa joto, kichujio kilichowekwa vibaya baada ya kupulizwa vumbi, na sensa ya kupima hewa iliyovaa vumbi jekundu la Tsavo. Programu ya simu ina kipimo kilichoandikwa LTFT, asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Chini ya 10 hakuna cha kuhangaika. Ikiwa 20 gari likiwa limesimama linanguruma, kisha ikashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa wizi, pengine mpira uliopasuka. Ikizidi kadiri unavyokanyaga, tazama pampu ya mafuta au sensa ya hewa. Kusoma kipimo hicho mara mbili kunaweza kuokoa bei ya sensa na nauli yake ya basi.

Jiografia ya kaunti hii inampa mwenye skana zawadi ambayo watu wa tambarare hawana. Voi iko takriban mita 600 juu ya bahari, Wundanyi zaidi ya 1,400. Hewa hupungua ukipanda, na kompyuta lazima iijue tofauti hiyo ili ipime mafuta. Kama gari lako lina sensa ya shinikizo la hewa kwenye manifoldi, washa swichi bila kuwasha injini na usome. Mombasa itaonyesha kama kilopaskali 101, Voi 94 au 95, Wundanyi karibu 85. Gari linaloonyesha 101 Wundanyi limebeba sensa mwongo, hata kama taa haijawaka bado. Joto nalo hupimwa hivyohivyo: asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala nje, joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia vinatakiwa kukaribiana sana. Vikitofautiana kwa nyuzi 15, sensa moja imekosea, na namba ya hitilafu inaweza kuchelewa miezi.

Kwa upande wa joto, binafsi naona skana ndogo ina thamani kubwa sana. Magari mengi ya sasa hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu na nyekundu, na nyekundu ikiwaka mara nyingi gasketi ya silinda imeshaonja moto. Simu iliyofungwa kwenye dashibodi inakuonyesha nyuzi 90, 96, 101 wakati bado una nafasi ya kusimama. Gari linalopanda joto mlimani kwa mwendo wa pole na kupoa likishika kasi tambarare lina shida ya feni au rejeta iliyojaa wadudu na udongo. Linalopanda joto hata tambarare lina shida ya maji, pampu au thamostati. Na anayekwenda Taveta anajua kwamba baada ya Maktau barabara inakatiza Tsavo Magharibi. Hapo si mahali pa kushuka kufungua boneti, maana wenye eneo ni ndovu. Pima gari likiwa bado nyumbani.

P0420 nitaipitia haraka. Inasema katalaiza haifanyi kazi inavyotakiwa. Kenya iliacha petroli yenye risasi Januari 2006, na tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ina salfa ndogo, kwa hiyo kisingizio cha mafuta mabaya hakina nguvu kama zamani. Mtu akikushauri katalaiza itolewe "gari liwe jepesi", muulize inakwenda wapi ikishatolewa. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na ina wanunuzi.

Magari ya haibridi ni sura nyingine. Aqua na wenzake wameingia hata mitaa ya Mwatate, na skana inaweza kusoma P0A80, namba inayosema betri kubwa imechoka. Kabla ya kulia, angalia tundu la hewa la kupoza betri, ambalo kwa Aqua liko kando ya kiti cha nyuma: vumbi na mizigo huliziba, na betri iliyonyimwa hewa Voi hufa mapema. Kusafisha tundu hilo ni kazi ya nyumbani. Chochote chenye waya wa rangi ya chungwa si kazi ya nyumbani. Umeme wake ni wa mamia ya volti, na haumwonei mtu huruma kwa kuwa alitazama video.

Limebaki suala la fundi, na ndilo lililo gumu. Wengi walijifunza chini ya gari la fundi mwingine, baadhi wakafanya mtihani wa gredi wa NITA, wengine wakapitia Coast Institute of Technology palepale Voi. Masikio yao yanajua mambo ambayo hakuna sensa inayoyajua. Wanapoletewa simu na kuambiwa "Fundi, mtandao umesema ubadilishe hii", wanaudhika, na wana haki. Mteja wa aina hiyo amebahatisha kwa niaba ya fundi, na spea isipoponya gari atataka fundi alipie. Linganisha na mazungumzo haya:

"Fundi, ilisoma P0301. Nikahamisha koili, namba ikahamia ya tatu. Picha hizi hapa."

"Basi Mwalimu, ni koili hiyo tu. Lete moja, dakika kumi umeondoka."

Hakuna aliyevunjiwa heshima, na bei imejulikana kabla ya boneti kufunguliwa. Lakini mwenye gari naye ana kosa lake kubwa: kufuta namba nyumbani ili taa izime, kisha kupeleka gari gereji. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: kasi, joto, mizunguko ya injini. Ukifuta bila kupiga picha umemnyima fundi ushahidi wake. Kuchomoa terminali ya betri kunafanya vivyo hivyo kwa magari mengi. Kwa upande mwingine, fundi mwenye mashine kubwa ya Launch au Autel anayetoza ada ya kupima anapaswa kukuonyesha kioo. Ukilipia vipimo, matokeo ni yako. Piga picha kila namba kabla haijafutwa, na umwambie akuonyeshe jaribio lililomfanya aamue spea fulani imekufa. Fundi mzuri hachukii swali hilo.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba kifaa kinapunguza kubahatisha kwa yule anayejaribu kabla ya kununua, na kinaongeza kubahatisha kwa yule anayesoma namba kama orodha ya manunuzi. Faida yake kubwa zaidi hata hivyo haiko kwenye gari ulilo nalo. Iko kwenye gari unalotaka kununua. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, kwa hiyo yanayoshuka bandarini Mombasa leo yote yanasomeka. Mengi ya mkononi yanayouzwa Voi yanasomeka pia, na baadhi ya wauzaji hufuta namba asubuhi mteja anapokuja mchana.

Kufuta huacha alama. Kompyuta hurudisha majaribio yake ya ndani kwenye hali ya "haijakamilika", na magari mengi huonyesha umbali uliotembewa tangu namba zifutwe. Ukiona kilomita nne, kuna mtu amefanya usafi leo. Kabla hata ya skana, washa swichi tu: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa. Unaponunua gari, omba dakika kumi na lile tundu la chini ya usukani. Muuzaji akikataa, ondoka, utafute gari jingine.